Santuri Iliyonyamaza Katikati

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga kwa soda na keki mliniuliza swali moja ambalo sikulijibu, kwa sababu keki ilikuwa mdomoni. Mliniuliza ule ubao wa ukutani una maana gani, ule ulioandikwa kwa rangi nyekundu: USIINUE MKONO MPAKA SINDANO IFIKE KWENYE KARATASI. Mmoja wenu alidhani ni maneno ya hospitali. Mwingine alidhani nimeyatoa kwenye kitabu cha dini. Haya, sasa nimestaafu, nina muda na nina miwani, nitawajibu.

Msitarajie habari za vyeo. Nilipoanza kazi pale Tororo kulikuwa na vyeo viwili tu, fundi na mfagiaji, na kwa miaka mingi nilikuwa vyote viwili. Kiswahili changu pia msikishangae. Mama alizaliwa Mombasa, baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, sisi watoto tukalelewa Tororo na lugha ya nyumbani ikabaki ile ya mama. Ukikosea ngeli mezani, unangoja chai mpaka ipoe.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja, mbele anauza redio, nyuma anazitengeneza. Serikali ya wanajeshi ilipowapa Wahindi siku tisini waondoke, yule bwana alimkabidhi funguo fundi wake, akalia, akapanda gari moshi. Fundi huyo ndiye Mzee Owori, Mpadhola wa Nagongera, mtu mrefu mwenye vidole vyembamba na sauti ya chini. Alihitaji mtu wa pili. Baba yangu akamwambia, "Mimi nina binti. Nyumbani anafungua kila kitu, hajui kufunga."

"Mlete," Mzee Owori akasema. "Kufunga mimi nitafundisha."

Siku ya kwanza alinipa brashi ya kunyolea ndevu na redio kubwa iliyoletwa kutoka Nagongera. Nikafungua kifuniko cha nyuma, mende wakanimwagikia mapajani. Nilipiga ukelele uliofika stendi. Mzee hakuinua hata kichwa. "Wacha kelele, Rehema," akasema. "Hao ndio nasoma habari ndani ya redio." Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nilitaka kurudi nyumbani.

Nilijifunza vumbi kwanza. Vumbi la vilima vya Osukuru linaingia popote, na ukilichanganya na grisi unapata kitu cha kujengea nyumba. Baadaye nikajifunza kupasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa, maana umeme ulikuja na kuondoka kwa hiari yake. Halafu gramafoni. Mzee alichora alama ya chaki kwenye sinia, ile sahani ya chuma inayozungusha santuri, akavua saa yake akaiweka mezani. "Hesabu," akasema. Santuri kubwa inatakiwa kuzunguka mara mia moja kwa dakika tatu. Ikizidi, waimbaji wanakuwa watoto, ikipungua wanakuwa walevi. Mpaka leo nikiona gurudumu la baiskeli linazunguka, nahesabu, na mwenye baiskeli hujiuliza namtakia nini.

Mzee alikuwa na sheria moja. Mashine haitoki dukani mpaka iimbe wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, mbele ya macho yake. Kwa kazi hiyo tulikuwa na santuri moja ndogo ya rumba, iliyovuka kutoka upande wa Kenya kabla sijaajiriwa. Kila gramafoni ya Tororo iliimba ile rumba kabla ya kwenda kwao. Dakika tatu upande huu, dakika tatu upande ule. Hizo dakika tatu mzikumbuke, maana ndizo zilizotuponza.

Siku moja, mwaka wa tatu au wa nne wa kazi yangu, gari la jeshi lilisimama mlangoni. Mtaa mzima ulikumbuka shughuli za ndani. Akashuka kapteni mmoja, kijana, viatu vinang'aa, na nyuma yake askari wawili wamebeba gramafoni nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Mbao nyekundu, spika mbili, mkono wa sindano wa rangi ya fedha. Alikuwa amepewa nyumba ya Wahindi kule juu karibu na Jiwe la Tororo, na mashine aliikuta ndani.

"Fundi," akasema kwa Kiswahili cha kambini, "hii mashine nakufa katikati. Naimba vizuri, halafu sauti nakwenda, nakwisha. Jumamosi mimi nakuwa na wageni wakubwa. Nataka yeye naimba mpaka mwisho."

"Na santuri, Afande?" Mzee akauliza. "Santuri iko wapi, tujaribu nayo?"

"Santuri mzima. Iko nyumbani. Mashine ndio mgonjwa."

Nani angebishana? Tukafungua. Mkanda wa mpira unaozungusha sinia ulikuwa umelegea, sindano imekwisha. Mzee akabadilisha vyote viwili, akahesabu mizunguko, akapiga rumba pande zote mbili. Iliimba mpaka nikatamani kucheza. Sheria ilifuatwa. Ijumaa mashine ikarudi kwa mwenyewe, sisi tukanywa chai.

Jumatatu asubuhi wakaja askari wanne. Jumamosi wageni walikuwa wamekaa, Meja wa kambi akiwa kiti cha mbele, Kapteni akaweka santuri yake ya kujivunia, na katikati sauti ikafa. Meja akacheka. Wageni wakacheka kwa sababu Meja amecheka. Kapteni akainua mkono wa mashine, akaanza upya, na mahali palepale ikafa tena. Meja akasema labda mashine imewaona wanajeshi ikaogopa. Basi, kwa kicheko hicho, Mzee Owori akaitwa mhujumu.

Ninyi mliozaliwa juzi neno hilo kwenu ni la magazetini. Siku zile mtu akiitwa mhujumu, jamaa zake walianza kugawana nguo zake. Walimchukua na kanzu yake ya kazi, na bisibisi ikiwa bado mfukoni. Aliniangalia mara moja, halafu akaangalia jiko, nikaelewa kwamba chuma kilikuwa kinaungua. Nikakitoa. Nilikishika kwa upande wa moto.

Jumanne askari mmoja akaileta ile gramafoni, safari hii na santuri yake. Akaniambia maneno ya Kapteni: Jumamosi saa nne asubuhi lori la kambi linakwenda Kampala na watu wa kesi. Mashine ikiwa imepona kabla ya hapo, mzee atarudi. Ikiwa haijapona, mzee atapanda lori. Waliopanda lori lile hatukuwa tukiwaona tena. Nilikuwa na siku nne.

Santuri yenyewe haikuwa na jalada. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imekwanguliwa, jina halisomeki, imebaki rangi ya kijani. Nikaandika R ya Rehema kwa penseli pembeni mwa karatasi hiyo, kama tulivyoandika kila kilichoingia dukani. Nikaiweka. Ikaanza na piano, kidole kimoja, wimbo wa kitoto wa noti tano. Kisha kinanda kikubwa kama cha kanisani kikaingia, magitaa, ngoma, fidla nyingi kwa pamoja. Sikuwa nasikiliza muziki, nilikuwa nawinda ugonjwa. Dakika ya kumi na mbili, sauti ikapungua, ikapungua, ikafa. Nje lori la kwenda mpakani Malaba linanguruma, ndani hakuna kitu. Nikainua mkono wa mashine. Nikapiga rumba: nzima. Nikarudisha ya kijani: dakika ya kumi na mbili, imekufa.

Nikajipiga paji la uso. Joto! Kiungo kilicholehemiwa vibaya kikiwa baridi kinashika, kikipata moto kinaachia. Rumba ni dakika tatu, mashine haijapata hata jasho. Bila shaka huo ndio ugonjwa ambao sheria ya Mzee isingeweza kuuona. Nilifurahi kama nimeokota dhahabu. Jumanne nzima nililehemu upya viungo vyote vya amplifaya, kimoja kimoja. Nikajaribu. Dakika ya kumi na mbili, imekufa.

Jumatano nikaenda Busia, nikavuka upande wa Kenya kwa njia ambayo sitaiandika, kwa muuza vipuri mmoja aliyeniita dada ingawa alikuwa na umri wa baba yangu. Nikamweleza. "Dada, usijisumbue na sindano," akasema. "Hiyo ni moto tu. Badilisha transista mbili za mwisho, utaniombea dua." Na sindano akanipa, ya akiba. Nilirudi na mkate mikononi, na ndani ya mkate transista mbili na sindano. Askari wa kizuizi cha barabarani alitaka kipande. Nikamkatia kile cha mwisho, chenye ganda, huku namsifia njaa yake. Alhamisi nikazibadilisha. Dakika ya kumi na mbili, imekufa.

Mke wa Mzee, Mama Athieno, alikuwa akipita dukani kila siku akitoka langoni mwa kambi na kapu la chakula ambacho kimekataliwa. "Rehema, wamekataa tena chakula yake," ananiambia, anaweka kapu chini. Haniulizi mashine imefika wapi. Anakaa kwenye kiti cha Mzee, anaangalia mikono yangu, kisha anaondoka. Afadhali angenigombeza. Alhamisi ile alipotoka, nilifunga mlango nikalia juu ya meza ya kazi, na vumbi la Osukuru likanipa uso wa mwashi.

Sasa Ijumaa. Jamani, Ijumaa ile! Ningekuwa na uwezo ningewarudisha wote mle dukani saa saba mchana, mkae sakafuni, mnyamaze. Siku hizo Ijumaa mji wa Tororo ulifungwa kweli. Maduka yamefungwa, wenye malori wameegesha wamekwenda msikitini, hata askari wa vizuizi wamekwenda kuswali. Mama Athieno alikuwa langoni mwa kambi na kapu lake. Nilikuwa peke yangu na mashine. Nikaweka santuri, nikaweka kidole juu ya transfoma ili joto likija nilikamate, nikangoja.

Piano ya kitoto. Kinanda. Ngoma zikaanza kuchechemea, na kwa mazoea ya Mzee nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, halafu upya. Saba! Nani anapiga ngoma kwa saba? Ndiyo kwanza nagundua, siku ya nne. Dakika ya kumi. Ya kumi na moja. Vyombo vikaanza kutoka kimoja kimoja, gitaa, fidla, ngoma, kinanda mwisho. Dakika ya kumi na mbili, kimya. Transfoma vuguvugu tu, haina neno. Nikanyoosha mkono kuinua sindano. Na hapo nikaisikia.

Filimbi. Ndogo mno, kama iko upande wa pili wa Jiwe. Inapiga zile noti tano za kitoto, polepole, inapumzika, inapiga tena. Mkono wangu ukabaki hewani. Nilidhani ni mtu nje. Nikasogeza sikio kwenye spika mpaka shavu likagusa kitambaa, na ilikuwa mle ndani! Haikuwa imekufa. Siku zote nne ilikuwa inapiga chini kuliko malori ya Malaba, chini kuliko gumzo la wageni wa Kapteni, na sote tulikuwa tunaikata shingo kabla haijafika.

"Kumbe!" nikapiga kelele. "Kumbe, kumbe, kumbe!" Peke yangu, dukani, napigia kelele sanduku. Filimbi ikawa mbili. Fidla moja ikaja chini yake, kisha tano, kisha zote. Kinanda kikarudi kikishuka ngazi. Ngoma zikarudi na saba zao, lakini sasa hazichechemei, zinakimbia, na gitaa likapanda juu ya vyote likizibeba zile noti tano, zile zile za kidole kimoja, likizirusha juu na kuzidaka. Nywele zilinisimama mpaka chini ya mtandio. Kisha waimbaji wakaingia, Wazungu, na katika Kiingereza chao nilipata maneno matatu tu, maji, mlango, nyumbani, na hayo matatu yalinitosha. Ilipofika mwisho wa upande, sindano ikagusa karatasi ya kijani, nikagundua nimesimama na nimeshika meza kwa mikono miwili.

Nikageuza upande wa pili. Sikuwa nawinda ugonjwa tena, nilikuwa nataka kujua kilichotokea. Huku nyimbo zilishikana mikono, hii haijaisha ile imeingia. Kulikuwa na gwaride la kejeli, tarumbeta zinajikwaa, nikacheka na kuangalia mlango kama kuna aliyeniona. Kulikuwa na mahali pa sauti za watu tu, bila chombo. Na mwisho kabisa, baada ya dakika arobaini na ushei za jumla, vitu vyote vilipopiga pamoja na kengele juu, vikasimama ghafla, na piano ikarudi, kidole kimoja, noti nne. Ya tano hawakuipiga. Waliniachia niipige mwenyewe kichwani. Nawaambia kweli, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na sikujua kwamba binadamu anaweza kuwaza kitu kirefu namna ile na asipotee njia. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa muziki aliniambia muziki huo unaitwa roki ya simfoni. Nilimshukuru, lakini jina halikuongeza kitu.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipokumbuka Kapteni. Mashine ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mashine kuwa nzima maana yake ni kwamba Kapteni alijiaibisha mwenyewe mbele ya Meja. Nani atakwenda kumwambia hivyo? Nilijiangalia kwenye kioo cha dirisha, nikafunga mtandio upya, nikakodi mkokoteni.

Nilimkuta barazani kwake, kifua wazi, anakula embe kwa kisu. "Imepona?" akauliza.

"Imepona, Afande. Lakini ina masharti."

"Mashine nakuwa na masharti?"

"Hii ni ya heshima sana. Haitaki kelele wala watu wengi. Na mtu akiinua mkono wake kabla sindano haijafika kwenye karatasi, inasusa." Ndiyo, niliongopa. Nilikwisha kutubu. "Nakuomba ukae nayo mwenyewe, upande huu na upande ule, mbele yangu. Ikikufia mkononi, nipeleke na mimi kwenye lori."

"Dakika ngapi?"

"Arobaini, Afande, na ushei."

Akacheka. "Arobaini! Mimi hata kula sikai arobaini." Lakini akanawa mikono, akawafukuza askari mpaka getini, akaniingiza sebuleni na mashine, akafunga madirisha. Akakaa kiti cha mbele, bila shaka kile cha Meja. Mimi nikakaa sakafuni karibu na mashine.

Noti tano. Kinanda. Ngoma. Alikuwa akitikisa kichwa pale alipopajua, na nikaona kwamba anapenda sana huo mwanzo, na kwamba ndiyo maana alitaka wageni wausikie. Vyombo vikaanza kutoka. Uso ukambadilika. Kimya. Akahesabu labda pumzi tatu, akasimama, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye mashine.

"Afande, usiguse!"

Niliyesema hivyo ni mimi. Sauti ilinitoka kama ninavyomfokea paka. Mkono wake ukasimama, akaniangalia, na kwenye ule uso nikaliona lori la Kampala likiwa na nafasi ya watu wawili. "Sikiliza tu," nikasema, sasa kwa kunong'ona. "Sikiliza, tafadhali. Chini kabisa."

Filimbi ikaja.

Nilimwona alipoisikia. Alirudi nyuma mpaka magoti yakagusa kiti, akakaa bila kuangalia anapokaa. Ilipopanda, fidla, kinanda, ngoma, alishika mikono ya kiti kama mimi nilivyoshika meza, na gitaa lilipozirusha zile noti alisema kitu kwa lugha ya kwao, polepole, mara mbili. Upande ulipoisha nikainuka kugeuza. "Wacha," akasema. Akaigeuza mwenyewe, kwa ncha za vidole. Kwenye gwaride la kejeli nilitazama chini. Yeye alicheka, kicheko cha kweli. Piano ilipoacha ile noti ya tano, tulikaa tunaingoja wote wawili.

"Wewe hukutengeneza kitu," akasema hatimaye.

"Nilibadilisha transista mbili, Afande. Hazikuwa na shida yoyote."

"Hii mashine haikuwa mgonjwa."

"Haikuwa. Mzee Owori aliitengeneza vizuri. Tatizo ni kwamba hatukuingoja, mimi wa kwanza. Siku nne nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe."

Akazungusha kisu cha maembe mezani. "Meja anajua hii?"

"Nani wa kumwambia?"

"Asijue."

"Mimi najua mashine ilikuwa mbovu na sasa imepona," nikasema. "Na fundi wake anahitajika dukani, ikiugua tena." Akaitisha karatasi, akaandika Mzee aachiliwe.

Kwenye kadi ya duka niliandika, "Imetengenezwa." Ndiyo kadi pekee ya uongo katika maisha yangu ya kazi. Nyingine zilikuwa za matumaini.

Mzee Owori alirudi Jumamosi mchana, anatembea kwa pembeni za nyayo, Mama Athieno amemshika kiwiko. Walikuwa wamempiga miguuni. Akaingia, akakataa kukaa kwanza, akaangalia jiko, akaangalia meza. Nilikuwa nimeandaa maneno ya pole, hakuyangoja. Yeye akaniuliza, "Kosa ilikuwa wapi?"

"Mzee, kaa kwanza."

"Kosa ilikuwa wapi, Rehema? Mle ndani nimepita kila kiungo kwa kichwa. Mara tatu. Sikuona."

Nililia mpaka akanipa kitambaa cha grisi nifute uso. Mama Athieno alikuwa ametoka kutafuta maji ya moto na chumvi. Nikamweleza Mzee: hakuna kosa, wimbo wenyewe unanyamaza, kisha unarudi. Akafikiri sana. "Narudi namna gani?" akauliza.

Santuri ilikuwa imebaki kwa Kapteni. Basi nikaimba. Nilikuwa nimeisikiliza mara mbili nzima na nusu yake mara nyingi, nilikuwa nayo kichwani yote. Piano kwa mdomo, ngoma kwa kijiko kwenye debe, gitaa sitaki kukumbuka nililifanyaje. Watu walijaa mlangoni wakidhani yaliyompata Mzee yamenipanda akilini. Mzee alihesabu saba kwa kidole gotini. Wakati Mama Athieno anarudi na beseni, nilikuwa nimefika kwenye kengele.

Wiki iliyofuata Mzee aliupaka rangi ule ubao mwenyewe. Karatasi inayosemwa ni ile ya katikati ya santuri. Tangu hapo duka letu lilijaribu kila mashine kwa santuri ndefu, na wateja walilalamika kwamba tunawachelewesha, na mashine zilikuwa hazirudi. Zilipokuja redio za kaseti tulipiga kaseti mpaka mwisho. Zilipokuja amplifaya za misikiti na makanisa tulikesha nazo. Ninyi mnaotengeneza simu, mnapiga "haloo" moja na kumrudishia mteja. Nimekwisha kusema.

Halafu vita vikaja, wanajeshi wakakimbia, Kapteni naye sijui aliishia wapi, na nyumba za kule juu zikakombwa mpaka bawaba za milango. Vitu vyote vilivuka mpaka. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa sokoni Busia, upande wa Kenya, natafuta mkanda wa mpira, nikaona santuri zimetandazwa juu ya gunia, na mojawapo ilikuwa na karatasi ya kijani iliyokwanguliwa. Pembeni yake, kwa penseli, R. Yule mama muuzaji alishtuka nilivyopiga kelele. Sikumwomba hata apunguze.

Jumapili nikaifunga kwenye kanga, nikabeba gramafoni ya duka na betri ya gari, nikaenda Nagongera. Mzee alikuwa ameacha kazi, miguu haikuwahi kupona sawasawa. Tuliiweka mashine barazani. Hakuuliza ni nini. Aliona rangi ya kijani, akavua kofia.

Piano ikaanza na yeye akatabasamu, akanionyesha kidole kwa maana kwamba niliimba sawa. Kwenye magitaa alitikisa kichwa kwa maana kwamba hapo sikuimba sawa. Saba zake alihesabu gotini. Kisha vyombo vikaanza kutoka kimoja kimoja, kinanda mwisho, ikabaki sauti ya kuku uani. Mama Athieno, aliyekuwa akituchambulia karanga, akaweka ungo chini akainuka kuelekea kwenye mashine. "Yesu wangu," akasema, "imekufa tena."

Mzee akamshika pindo la leso. "Kaa, mama," akamwambia. "Haijakufa. Hapa ndio mimi nilikuwa, ile siku tano ya kambini."

Mama Athieno akakaa. Tukangoja wote watatu, na filimbi ikaja.